Nyumba na Afya: Kichwa Safi Hakidai Povu Kila Siku

Nchi ya Idakho haikunyimwa mvua. Katika Kakamega hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, Mto Yala hupita karibu na Iguhu, na mabondeni mna chemchemi ambazo watu wamezitegemea tangu zamani. Lakini nyumba nyingi zimejengwa juu ya vilima, na maji hayapandi kilima kwa miguu yake. Hupandishwa na mama na binti zake, lita 20 kwa safari moja. Na lita 20 za maji ni mzigo wa kilo 20.

Kwa sababu hiyo, swali la kuosha nywele mara ngapi, na kwa kitu gani, si swali la urembo peke yake. Ni swali la maji, la fedha, na la afya ya ngozi ya kichwa. Nyumba ikilijibu vema hupata faida tatu. Ikilijibu vibaya hupata hasara tatu, na pengine mtoto mgonjwa hukaa miezi mingi akipakwa mafuta ya dukani badala ya kupelekwa hospitali.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ichukuliwe nyumba yenye mama na binti watatu, kila mmoja akitumia lita 10 kuosha na kusuuza nywele zake. Wakiosha mara 3 kwa juma watamaliza lita 120, yaani mitungi 6 iliyojaa. Wakiosha mara 1 watamaliza lita 40, yaani mitungi 2. Tofauti ni safari 4 za chemchemini kila juma, na kwa mwaka mzima ni safari zaidi ya 200. Muda wa safari hizo ungeweza kutumiwa kusoma, kupalilia, au kupumzika tu. Tena chupa ya shampuu ambayo ingekwisha kwa mwezi mmoja ingefika mwezi wa tatu.

MANENO MAWILI YALIYOPITA KIASI

Siku hizi yasikika maneno mawili juu ya jambo hili, na yote mawili yamepita kiasi. La kwanza husemwa na kijana aliyerudi kutoka chuoni, ya kwamba mtu mstaarabu huosha nywele zake kwa shampuu kila siku, au kila baada ya siku moja, kama wafanyavyo watu wa kwenye matangazo. La pili husemwa na mwenzake aliyesoma mashauri ya watu wa Ulaya na Marekani, ya kwamba shampuu ni sumu, na kwamba kichwa kikiachwa bila kuguswa kitajisafisha chenyewe. Baba mwenye nyumba akilisikia hili la pili hufurahi sana, maana mfuko wake utapata nafuu.

Ajabu ni kwamba maneno yote mawili yametungwa kwa ajili ya nywele za namna nyingine. Tangazo linawaelekea watu wenye nywele zilizonyoka, na shauri la kuacha shampuu limeandikwa kwanza kwa ajili ya watu hao hao. Mtu wa Iguhu akiyafuata bila kuyapima, ni kama mkulima apandaye mbegu ya nchi ya baridi kwa kuwa picha ya kwenye pakiti ilimpendeza.

SHAMPUU ILIKOTOKA

Neno shampuu limetoka Bara Hindi, na maana yake ya asili ni kubonyeza na kukanda mwili. Mmoja wa watu waliolifanya lijulikane sana Uingereza ni Sake Dean Mahomed, aliyezaliwa Patna mwaka 1759. Alifungua nyumba ya kuogea katika mji wa Brighton, ambako wateja walikandwa viungo katikati ya mvuke. Alipata heshima ya kuwa mkandaji wa Mfalme George IV na Mfalme William IV. Wakati huo shampuu haikuwa kitu cha chupa. Ilikuwa kazi ya mikono.

Baadaye neno hilo lilihamia kwenye nywele. Mwaka 1903, katika mji wa Berlin, Hans Schwarzkopf alianza kuuza shampuu ya unga iliyofungwa katika vipakiti. Katika miaka ya 1930 wenye viwanda walianza kutumia dawa za kemikali mahali pa sabuni ya zamani, nazo zilitoa povu jingi hata katika maji magumu. Hivyo shampuu kama ijulikanavyo leo haijatimiza hata miaka 150.

Yafaa jambo hilo likumbukwe, kwa maana wazee wetu wa Afrika ya Mashariki hawakukaa na uchafu kichwani wakingojea chupa ije. Huko pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, na ng'ambo kule Omani, majani ya mkunazi yalikaushwa, yakatwangwa, yakachanganywa na maji. Yalitoa povu dogo lililosafisha bila kukausha. Wamorani wa Kimasai walipaka nywele zao udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Mahali pengi watu walinyoa, na kichwa kilichonyolewa husafishwa pamoja na uso.

JINSI NYWELE ZILIVYO

Katika shina la kila unywele, ndani ya ngozi, mna tezi ndogo itoayo mafuta. Mafuta hayo ni zawadi ya maumbile; huilinda ngozi na kuulainisha unywele. Unywele ulionyoka ni kama njia iliyonyoka. Mafuta huteremka upesi hadi ncha, na baada ya siku mbili tatu kichwa chote hung'aa na kunata. Mwenye nywele za namna hiyo ana sababu ya kuziosha mara nyingi.

Unywele wa Mwafrika umejikunja, nao ni kama njia ya mlimani yenye kona nyingi. Mafuta hubaki karibu na ngozi, na sehemu ya juu hukaa kavu. Tena katika kila kona unywele ni dhaifu na waweza kukatika. Basi mwenye nywele hizo ana mambo mawili kwa wakati mmoja: ngozi iliyo na mafuta, na nywele zenye kiu ya mafuta. Akiosha kila siku kwa shampuu kali, hata yale mafuta machache yaliyopanda huondolewa, nywele zikawa kama majani makavu, zikakatika kwenye kitana. Naye huona hazikui. Kumbe zinakua, ila hukatika kwa kadiri ile ile zinavyokua.

Shampuu hufanya kazi yake kwa njia rahisi. Ndani yake mna chembe zenye upande mmoja unaopenda maji na upande wa pili unaopenda mafuta. Upande wa mafuta hushika uchafu, na upande wa maji huuvuta utoke wakati wa kusuuza. Povu halipimi usafi. Ni dalili tu kwamba dawa ipo na imechanganyika na hewa. Wala si kweli kwamba shampuu hulisha nywele. Unywele ulio nje ya ngozi hauna uhai, kama ukucha usivyo na uhai. Hulishwa kutoka ndani, kwa chakula alacho mtu, na jambo hilo litarudiwa hapa chini kwa kuwa ni kubwa.

MARA NGAPI?

Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani huwashauri watu wenye nywele za Kiafrika kuziosha mara 1 kwa juma, au mara 1 kwa majuma mawili. Hicho ndicho kipimo chema kwa watu wengi wa Iguhu pia. Kupunguza, basi, si uvivu wala umaskini. Ni kuzitunza nywele kwa jinsi zilivyo.

Lakini kazi ya mtu huweza kukibadili kipimo hicho. Wachimbaji wa dhahabu wa Ikolomani hutoka shimoni na udongo kichwani. Mwenye kusaga unga, fundi wa kupasua mbao na mwashi hurudi nyumbani na vumbi. Hawa hawana budi kuosha zaidi. Hata hivyo haiwalazimu kutumia shampuu kila jioni, kwa kuwa vumbi na chumvi ya jasho hutoka kwa maji matupu na vidole. Mwenye nywele fupi sana, kama walivyo wanaume wengi na watoto wa shule, huosha kichwa kila aogapo, na shampuu hana haja nayo.

Namna ya kuosha nayo ina adabu yake. Kwanza nywele zichambuliwe polepole kwa vidole au kwa kitana chenye meno mapana. Akiwa na mafuta ya nazi, mtu apake kidogo kabla ya kuosha. Mafuta hayo huingia ndani ya unywele na kupunguza madhara ya maji na shampuu. Kisha shampuu ipakwe kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Lile povu literemkalo wakati wa kusuuza latosha kuzisafisha nywele zenyewe. Mwishoni zifutwe kwa kubonyeza kwa kitambaa, wala zisisuguliwe kama nguo.

Aliyesuka nywele asidhani kwamba amepata ruhusa ya kutogusa maji kwa miezi mitatu. Achanganye shampuu kidogo na maji mengi katika chupa, amimine katikati ya mistari, asuuze vema, kisha akaushe kabisa. Misuko iliyokaa na unyevu hutoa harufu. Tena msuko unaouma si msuko mzuri. Maumivu na vipele pembeni mwa paji la uso ni onyo kwamba mashina yanavutwa. Yakivutwa miaka mingi, nywele za hapo hazitarudi tena. Misuko ya nywele za bandia isipite miezi miwili au mitatu kabla ya kufumuliwa.

VITU VYA JIKONI

Wale waachao shampuu huko Ulaya na Marekani mara nyingi hutumia soda ya kuokea mikate, kisha siki. Hapa pana hatari ambayo watu wa huko hawakuifikiria. Neno soda likifika katika nyumba ya Kakamega, mkono huenda kwenye magadi yaliyo karibu na sufuria ya mboga. Magadi hayo asili yake ni Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, nayo ni makali kuliko soda ya kuokea.

Wataalamu hupima mambo haya kwa kipimo cha 0 hadi 14. Maji safi ni 7. Chini ya hapo ni uchachu, juu ya hapo ni ukali wa magadi. Ngozi ya kichwa ni karibu 5.5, yaani ina uchachu kidogo, nao huizuia isishambuliwe na vijidudu. Soda ya kuokea ni kama 8, sabuni ya kufulia ni 9 au 10, na maji ya magadi hufika 10 au kupita. Namba hizi si za kuongeza moja moja. Kila hatua ni mara 10. Kwa hiyo kitu cha namba 10 ni kikali mara 100 kuliko kitu cha namba 8. Kikiwekwa kichwani hufungua magamba ya unywele, huukausha na kuichoma ngozi. Maji ya majivu, ambayo akina mama wa Kiluhya hulainishia mboga, nayo ni ya jamii hiyo hiyo. Mrenda na kunde huyapenda. Ngozi ya kichwa haiyapendi.

Wengine wamesikia habari za endodi, mmea wa Uhabeshi ambao matunda yake hutoa povu na yametumiwa tangu zamani kufulia nguo. Ni kweli una nguvu. Mwaka 1964 mtaalamu wa Kihabeshi, Aklilu Lemma, aligundua kwamba maji ya endodi huwaua konokono waenezao kichocho, na mwaka 1989 alipewa tuzo ya kimataifa pamoja na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes. Lakini kitu kinachoua konokono na samaki, na kuwasha macho, si kitu cha kumiminwa kichwani mwa mtoto.

Mtu asiye na shampuu atumie sabuni laini ya kuogea, kidogo sana, pamoja na maji ya mvua. Maji ya mvua ni laini, hayaachi utando mweupe kwenye nywele kama yafanyavyo maji magumu yakikutana na sabuni. Baada ya hapo, kijiko kimoja cha siki katika kikombe kikubwa cha maji, kikisuuzwa juu ya nywele bila kuingia machoni, hurudisha ule uchachu uliopotea.

AMBAYO SHAMPUU HAIPONYI, NA AMBAYO KUIACHA HUZIDISHA

Sasa ni lazima kusema jambo ambalo wale wafurahiao kuacha shampuu hulisahau. Kupunguza kunafaa kwa kichwa kizima. Kichwa kigonjwa kina sheria nyingine.

Mba, kwa mfano, huletwa na kuvu iliyo katika ngozi ya kila mtu, nayo hula yale mafuta ya kichwani. Ikizidi, ngozi huwasha na kutoa magamba meupe. Wengi huyaficha magamba kwa kupaka mafuta mengi, na kwa kufanya hivyo huipelekea kuvu chakula. Mwenye mba asiache kuosha. Apate shampuu ya dawa, iliyo na zinki, au seleniamu, au ketokonazo. Aipake kwenye ngozi, aiache kwa dakika 5, kisha aisuuze, mara 1 kwa juma. Mba mkali unaoenea usoni na kifuani ni wa kuonyeshwa kwa daktari.

Mapunye ni ugonjwa mwingine, na ndio uwasumbuao watoto wa shule. Huonekana kama mviringo wenye magamba, na nywele za hapo hukatika karibu na ngozi. Nao waletwa na kuvu, lakini kuvu hii huingia ndani ya unywele wenyewe. Kwa hiyo shampuu haiifikii, wala sabuni, wala majivu, wala mafuta ya taa ambayo wengine huyapaka kwa hatari kubwa. Dawa yake humezwa, kwa majuma kadhaa bila kukatiza. Griseofulvini, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiyo ya zamani. Siku hizi ziko na nyingine. Mzazi ampeleke mtoto Hospitali ya Iguhu au zahanati iliyo karibu, maana mapunye yaliyoachwa huweza kufanya usaha na kuacha upara wa daima. Vitana, kofia na vitambaa vya mtoto huyo visitumiwe na wengine. Ndama mwenye viraka vya ngozi iliyokauka naye aangaliwe, kwa maana huweza kuwaambukiza watoto wanaomchunga.

Kinyozi ana sehemu yake katika jambo hili. Mashine yake isafishwe kwa dawa baada ya kila kichwa. Katika nyumba nyingi za Waluhya watu wa familia hunyolewa siku chache baada ya maziko. Ni desturi yenye heshima yake. Ila wembe mmoja usipite vichwa viwili, kwa kuwa tone dogo la damu latosha kuchukua virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Kila mtu na wembe wake.

Na chawa? Wao hawachagui kichwa kichafu. Huhama kutoka kichwa hadi kichwa panapokuwa na kugusana, na mtoto aliyeoshwa asubuhi aweza kuwapata jioni. Haifai mtoto huyo kuaibishwa.

NYWELE ZA MTOTO ALIYEACHISHWA ZIWA

Liko jambo moja kubwa kuliko yote yaliyotajwa. Mwaka 1933 Dk. Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika na kufanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto wadogo waliovimba miguu na kubadilika nywele. Wenyeji wa huko waliuita kwashiorkor, jina la ugonjwa umpatao mtoto mdogo azaliwapo ndugu yake na yeye akaondolewa kwenye ziwa. Kwa Kiswahili huitwa unyafuzi.

Nywele za mtoto huyo hugeuka rangi, zikawa nyekundu kama kutu au kijivu. Hupungua, hulainika, na huweza kung'olewa bila yeye kuona maumivu. Wakati mwingine unywele mmoja huwa na sehemu nyeusi na sehemu nyepesi zikifuatana, kwa kuwa majira ya shibe na majira ya njaa yameandikwa juu yake. Mama asiyejua husema, "Nywele za mtoto wangu zimeharibiwa na maji," akanunua shampuu ya watoto na mafuta ya kung'arisha. Fedha ile ile ingeweza kununua mayai, au maziwa, au omena.

Mtoto mwenye nywele za namna hiyo, na hasa akiwa amevimba miguu, mnyonge, hataki kula wala kucheza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asingojewe siku ya soko ipite. Na kwa mtoto ambaye hajaugua, kinga ni sahani yenye vitu vya namna mbalimbali: uji na ugali havitoshi peke yake, bali viandamane na maharagwe, kunde, saga, njugu, yai, samaki au maziwa.

SHULE NA HESHIMA

Shule nyingi za Kenya huwataka wanafunzi wakate nywele fupi, na sababu zitolewazo ni usafi, muda na usawa. Mabishano juu ya jambo hilo yamefika hata mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba msichana wa imani ya Rastafari asizuiwe kusoma kwa sababu ya nywele zake alizozisokota. Wengi hudhani kwamba nywele za namna hiyo haziguswi na maji. Si kweli. Huoshwa kama nyingine, husuuzwa sana, na hukaushwa kabisa, maana hushika maji kwa muda mrefu. Usafi hauko katika urefu wala ufupi wa nywele, bali katika ngozi iliyo chini yake.

Tena nywele zisioshewe chemchemini wala juu yake. Maji ya shampuu na sabuni yamwagwe mbali, kwenye udongo, si katika njia ya maji yanayonywewa na jirani wa chini.

Basi nyumba itakayo kufuata utaratibu mwema yaweza kuanza juma hili. Ichague siku moja ya kuosha, labda Jumamosi mchana, jua likiwa kali na nywele zikaweza kukauka. Siku hiyo mama aangalie ngozi ya kichwa cha kila mtoto chini ya mwanga, mstari kwa mstari: je, pana magamba, mviringo, vipele, kidonda, au rangi iliyobadilika? Kila mmoja awe na kitana chake. Shampuu iwe kidogo, kiasi cha kijiko, na mtungi mmoja utoshe watu wawili. Fedha itakayosalia iwekwe kando kwa mayai na omena. Kuangalia huko kwa dakika 5 kwa kila kichwa hakugharimu hata senti moja, nako ndiko kutakakomwonyesha mama ugonjwa ungali mdogo.